Walipoteza Mechi ama Walipoteza Nyumba? Venye Habari za Harambee Stars Ziligeuka Hesabu ya Doo

Buda, hebu tuambiane ukweli. Nikikuuliza sasa hivi unakumbuka nini kuhusu Harambee Stars kwa CHAN ya Agosti 2025, jibu la kwanza kwa kichwa ni gani? Naweza bet ni "mamilioni". Ama ni nyumba.

Usiku wa Agosti 22 nilikuwa base moja hapa Kerugoya, imejaa macomrade na wasee wa boda. Madagascar walikuwa wametutoa kwa penalti 4-3, baada ya sare ya 1-1. Kabla hata wachezaji watoke uwanjani, simu zilikuwa zimeanza kuwaka. Rais Ruto alikuwa ameahidi kila mchezaji Sh1 milioni na nyumba ya vyumba viwili wakishinda hiyo robo fainali. So ile kitu ilikuwa inazunguka mtandaoni haikuwa mechi. Ilikuwa picha za maboy wetu wakilia, na maneno chini yake: nyumba imeenda.

Comrade mmoja kando yangu akauliza, "Kwani hawa wasee wamepoteza mechi ama wamepoteza nyumba?"

Hilo swali limekataa kunitoka.

Ju angalia vizuri. Hii ndio ilikuwa CHAN yetu ya kwanza kabisa. Tulipiga DR Congo 1-0. Tukatoka sare na Angola 1-1 tukiwa watu 10. Tukapiga Morocco 1-0, bado tukiwa watu 10, bao la Ryan Ogam. Tukapiga Zambia 1-0, tukamaliza juu ya kundi na pointi 10. Morocco hao hao ndio walibeba kombe Agosti 30, hapo hapo Kasarani. Mechi tano, na hakuna timu ilitushinda kabla ya penalti. Mabao mawili tu ndio yaliingia kwa wavu wetu.

Sasa niambie, ni story ngapi ulisoma zikikueleza venye unazuia Morocco na mtu mmoja amepungua? Lakini bei unazijua zote: kila ushindi Sh1 milioni, sare Sh500,000, ushindi wa Zambia ikapanda mpaka Sh2.5 milioni.

Sisemi doo si habari. Ni habari, na maswali ni mengi. Lakini hayo maswali aulizwe mwenye aliahidi. Kumwekelea kijana anatembea kwenda kupiga penalti ni kumwonea.

Hii mchezo haikuanza Kenya. Desemba 2018, Raheem Sterling aliweka vichwa viwili vya habari vya Daily Mail kwa Instagram. Vijana wawili wa Manchester City, wote wamenunulia mamazao nyumba. Phil Foden akaitwa nyota chipukizi amemnunulia mamake nyumba. Tosin Adarabioyo, huyu huyu wa Chelsea unamjua, akaandikwa kama mtu anamwaga pesa na hajawahi kuanza mechi ya Premier League. Nyumba ni nyumba, mama ni mama. Kwa Sterling, tofauti ilikuwa rangi ya ngozi, na alisema habari kama hizo ndio zinalisha chuki kwa mashabiki.

Huku kwetu rangi si shida, lakini njia ni ile ile. Ukishaambia watu kila siku mchezaji analipwa ngapi, siku akikosea hawaoni mtu amekosea. Wanaona mtu amekula pesa yao. Na CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Hizi ndizo ligi ambazo hata klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zimewahi kuwa na shida ya mishahara. Ile miezi msee anacheza bila kulipwa, kamera haziendi kwake. Akiahidiwa milioni, zinajaa.

Na sisi waandishi wa mtandao si malaika. Mimi mwenyewe nimewahi kuacha story ya mabeki nikaandika ya pesa, ju najua gani utafungua. Wewe unafungua, mimi naandika ingine. Hivyo ndio tunawachoma pamoja.

Kuna kijana hapa Kirinyaga anafanya mazoezi saa hii, anaota siku moja atavaa jezi ya Stars. Anasoma hizi vitu pia. Anajifunza kwamba akishinda ataitwa milionea, akikosa penalti moja atakuwa kichekesho.

So next time Stars wakicheza, kabla ushare ile picha ya msee analia, jiulize swali la comrade. Walipoteza nini hasa? Kama jibu ni mechi, basi tuongee mechi.