Ada Bure Haimlishi Mwanafunzi

Mwandishi aliyewaambia wazazi kwamba kusoma Ujerumani ni nauli tu, kwa kuwa vyuo vingi vya umma huko havitozi ada, amewapotosha. Tangu Septemba 2024, mwanafunzi asiye na ufadhili wala mdhamini kwa kawaida hutakiwa kuonyesha yuro 11,904 katika akaunti maalumu ndipo apewe viza. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Hapa Ngokolo, Shinyanga, mzazi anayetegemea mpunga na ng'ombe wachache atamaliza zizi zima na bado asifike.

Fedha hizo ni za mtoto mwenyewe, kweli, lakini hutolewa yuro 992 kwa mwezi. Humo alipe chumba, bima ya afya, chakula, na koti zito ambalo Shinyanga hajawahi kulihitaji. Kibarua? Sheria inamruhusu siku nzima 140 kwa mwaka, tena akishafika. Viza inadai fedha kabla hajaondoka.

Wazazi wenzangu, mkiletewa barua ya udahili na ahadi ya ufadhili, msikimbilie mnadani. Ulizeni kwanza: ufadhili huu unagharamia chakula na malazi, au ada peke yake? Na jibu lije kwa maandishi kutoka chuoni, siyo mdomoni mwa wakala anayesubiri chake.