Uma wa Mbele wa Kinga Yako Una Miaka Mingapi?



Ukurasa huu umekwisha sema sana juu ya kofia, viatu na vumbi la shimoni. Leo nataka kusema juu ya njia ya kutoka nyumbani mpaka kazini. Mtu akivunjika taya barabarani, nyumba yake hulala njaa sawasawa na nyumba ya yule aliyeangukiwa na jiwe. Sisi wa Uvira baiskeli twaiita kinga. Ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, neno hilo maana yake ni kitu cha kumlinda mtu. Ningependa maana hizo mbili zikutane, lakini nikitazama kinga zinazovuka daraja la Mulongwe kila alfajiri, naona bado ziko mbali.

Mwenzetu mmoja alinunua kinga ya milimani iliyotoka Ulaya ikiwa imekwisha tumika. Ilipita Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, kisha boti mpaka bandari ya Kalundu. Rangi yake ilikuwa safi, na uma wake wa mbele ulikuwa wa springi, unashuka na kupanda kama wa pikipiki. Aliisifu mbele ya kila mtu. Siku moja alikuwa akishuka kilima na bidoni mbili za maji nyuma, gurudumu la mbele likagonga jiwe likaruka juu. Miguu ya chini ya uma ikachomoka pamoja na gurudumu, yeye akabaki ameshika usukani hewani. Meno manne yalitoka, mkono ukavunjika, na wiki sita hakufanya kazi. Majirani walisema amerogwa. Mimi niliuokota ule uma nikautazama. Bolti ya chini ya mguu wa kushoto haikuwapo, na ile ya kulia ilikuwa imeliwa na kutu. Uchawi wenyewe ndio huo.

Inafaa tujue vitu hivi vimetoka wapi. Uma wa springi kwa baiskeli za milimani ulianza kuuzwa karibu na mwaka 1990. Huko Marekani, Paul Turner alitengeneza ule wa RockShox uliofanya kazi kwa hewa na mafuta, na Doug Bradbury akatengeneza Manitou, ambao ndani yake mlikuwa na vipande vya mpira laini. Mwaka 1995 RockShox walileta Judy. Mwaka 1997 Waitalia wa Marzocchi wakaleta Bomber, yenye springi za chuma zinazoogelea katika mafuta. Baadaye viwanda vya Taiwan, kama SR Suntour na RST, vilijaza dunia uma za bei ndogo. Hizo za bei ndogo ndizo nyingi hapa kwetu.

Kwa hiyo kwanza futa matope usome jina. Liko kwenye miguu ya chini. Kama karatasi yake imebanduka, tafuta alama zilizopigwa kwenye lile bomba linaloingia katika fremu. Bomba hilo upime unene wake: la zamani ni milimita 25.4, mara nyingi lenye meno ya kufungia nati. La baadaye ni milimita 28.6. Usiache kipimo hiki, maana siku ya kubadili uma, fundi mwenye haraka atakutia bomba jembamba katika fremu pana na kujaza kipande cha bati.

Kisha tazama juu ya miguu, chini ya vifuniko. Ukiona valvu, humo mna hewa: itoe kabla ya kufungua kitu chochote. Hata springi ya chuma iliyobanwa yaweza kurusha kifuniko mpaka jichoni. Sisi tunaojua baruti hatuna udhuru wa kuinamisha uso juu ya kitu kilichobanwa.

Ule mpira laini una ugonjwa wake. Huoza kwa miaka na joto, hata kama kinga imelala ghalani tu. Fundi akifungua atakuta uji mzito unaonata, au makombo. Wapo wanaokata tairi la lori na kusokomeza vipande mahali pake. Mimi sikubali. Kipande kikijikunja ndani, mguu mmoja unakwama na mwingine unashuka, na usukani unakwenda unakotaka wenyewe.

Kupima hakuhitaji fundi. Kaza breki ya mbele, sukuma kinga mbele na nyuma. Ukisikia inagonga, weka kidole mahali mguu wa juu unapoingia katika ule wa chini. Kama mchezo uko hapo, bushi za ndani zimekwisha. Kama uko juu kwenye fremu, ni golori za usukani. Halafu pindua kinga utazame chini kabisa ya miguu. Kwa uma nyingi za aina hii, bolti au nati mbili za hapo ndizo peke yake zinazozuia miguu isichomoke. Zikaze kwa ufunguo wake, kwa nguvu ya mkono. Ukiongeza bomba refu utazikata. Tazama pia nyufa chini ya taji, pale miguu inapokutana. Ukiona ufa hata mwembamba kama unywele, usiipande tena.

Kusafisha: sabuni na maji, kitambaa kikavu, kisha grisi mpya. Petroli ihurumie, maana hula mpira wa kuzuia vumbi, na vumbi letu la kutoka Sange likiingia linasaga kama msasa.

Wengine watasema fundi wa kwetu tu ndiye mbaya. Hapana. Marekani kwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, baiskeli nyingi zenye uma wa Ballistic 105 ziliitwa zirudi kwa sababu uma uliweza kuachana na mtu akaanguka.

Maoni yangu ni haya, na najua vijana hawatayapenda: anayebeba bidoni, makala au mke na mtoto, aondoe springi aweke uma mgumu wa chuma. Mzigo wa nyuma, ukishika breki mteremkoni, unakuja wote mbele. Mmoja aliniambia mawe ya Ngomo yatamvunja mabega. Basi aweke tairi pana na apunguze hewa kidogo. Ila achague uma wenye urefu ulio karibu na wa kwanza, toka ekseli mpaka taji. Ukiwa mfupi mno, kinga inainama na usukani unakuwa mkali. Anayepanda peke yake bila mzigo, na abaki na springi yake, lakini afungue miguu kila mwisho wa mvua.

Na kwa wakubwa wa kampuni nina ombi moja. Garaji lina funguo za kila ukubwa za magari, lakini sijaona hata moja ya pembe sita ya milimita 5 au 6, ambayo ndiyo hufungua uma hizi. Mbili zitoshe, zifungwe kwa mnyororo karibu na mlango wa zamu, ili mtu akaze bolti zake kabla hajashuka.