Hatukuzaliwa Joka wala Nguruwe



Tumeulizwa na baadhi ya vijana wetu kama ni dhambi kuujua "mnyama" wa mwaka aliozaliwa mtu. Kujua si dhambi. Wachina wa kale waliihesabu miaka kwa wanyama kumi na wawili, kuanzia panya hadi nguruwe, wakaifungamanisha na asili tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Kila asili hushika miaka miwili mfululizo, hata mwaka unaoishia na 6 au 7 ukawa wa moto, na unaoishia na 0 au 1 ukawa wa chuma. Mnyama yuleyule na asili ileile hukutana tena baada ya miaka 60. Kama hesabu ya miaka, hatuna ugomvi nayo. Wakatoliki wa Vietnam huupokea mwaka mpya wao kwa Misa, na siku ya pili huwaombea mababu zao. Mwaka 2018, sikukuu hiyo ilipoangukia Ijumaa ya Kwaresima, maaskofu kadhaa wa Marekani waliwaruhusu waamini wenye asili ya Asia kula nyama. Mama Kanisa si adui wa kalenda ya mtu.

Ugomvi wetu waanza pale kalenda inapoketi katika kiti cha hakimu. Huyu ni wa joka, atatawala. Yule ni wa mbuzi, bahati hana. Hawa wawili wasioane, wanyama wao hawapatani. Hapo si hesabu tena, bali ni ramli, ndugu wa damu wa zile kurasa za nyota tunazozisoma magazetini tukijidai tunacheka.

"Padre, huo ni mchezo tu." Tutazame basi mchezo huo umefanya nini. Japani iliipokea hesabu hii kutoka China, na humo ikazuka imani kwamba msichana aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto atakuwa mkali, tena atamwua mumewe. Mwaka huo ulifika 1966. Mwaka 1965 walizaliwa huko watoto wapatao milioni 1.82, mwaka 1966 wakashuka hadi milioni 1.36, mwaka 1967 wakapanda hadi milioni 1.94. Hapakuwa na vita wala njaa. Nchi hiyo ilikuwa na viwanda na vyuo vikuu, na miaka miwili kabla ilikuwa imeandaa michezo ya Olimpiki. Wazazi waliahirisha kuzaa, na wengine, inatuuma kuliandika, walitoa mimba. Mtoto alihukumiwa kabla hajaonekana sura yake, kwa kosa la tarehe.

Na hukumu yenyewe haina hata msimamo. Aliyezaliwa katikati ya mwaka 1987 ni sungura akiwa China; akivuka mpaka kuingia Vietnam amekuwa paka, kwa maana huko sungura hayumo katika orodha. Je, tabia yake nayo imebadilika mpakani? Mtakatifu Augustino aliwajibu wanajimu wa zama zake kwa mfano wa Esau na Yakobo, mapacha wa tumbo moja waliotofautiana kwa kila kitu. Ikiwa saa moja haikuwafananisha ndugu wawili, mwaka mzima utawafananishaje mamilioni?

Tusidhani Kanisa linasema haya kutoka mbali. Padre Mjesuiti Johann Adam Schall von Bell, Mjerumani, aliongoza ofisi ya kalenda ya mfalme mjini Beijing tangu 1644. Miongoni mwa mashtaka aliyoletewa mwaka 1664 ni kwamba ofisi yake ilichagua saa ya mkosi kwa maziko ya mwana mchanga wa mfalme. Alihukumiwa kifo, kisha akaachiliwa. Lakini wanafalaki watano Wakristo, Wachina, walikatwa vichwa mwaka 1665. Walikufa kwa ajili ya saa "mbaya". Mwenzake, Padre Ferdinand Verbiest, alikuja kulirudishia jina lao heshima kwa kupima urefu wa kivuli cha jua mbele ya wakubwa, naye akapatia. Falaki ya kweli haikuhitaji mikosi.

Katekisimu, namba 2116, inakataa unajimu na aina zote za uaguzi, kwa kuwa ndani yake mna tamaa ya kuutawala wakati na watu, na heshima inayompasa Mungu peke yake hutolewa kwingine. Mtume Paulo aliwakaripia Wagalatia kwa kosa la jamii hiyohiyo, kujifunga tena utumwani kwa siku, miezi na miaka.

Farasi wa Moto amerudi katika zamu yake: mwaka wake unaanza tarehe 17 Februari 2026, mkesha wa Jumatano ya Majivu. Wenye mimba wasitikiswe na maneno ya mtandaoni. Waje na watoto wao kubatizwa, wa kike na wa kiume. Katika kitabu chetu cha ubatizo tunaandika jina, tarehe, wazazi na wasimamizi.