VYUO VIKUU VYETU VIONYESHANE NJIA

Kati ya mwaka 2009 na 2014 watoto wa Korogwe walishiriki katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria. Jaribio hilo lilifanywa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo hapa nchini na Kilifi huko Kenya. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike. Wazazi wa Korogwe wana haki ya kujivunia mchango wao.

Lakini fahari hiyo inazaa swali. Mwanafunzi wa Handeni akitaka leo kuisoma kazi hiyo katika intaneti, ni nani atakayemwonyesha njia? Je, tovuti ya chuo kikuu cha nchini mwake itamfikisha kwa wataalamu wa Kenya na Uganda, au itambidi azungukie London ili ajue lililotendeka jirani yake?

Kiungo cha tovuti ni kitu kidogo: ni anwani tu inayomtoa msomaji ukurasa mmoja na kumpeleka mwingine. Hata hivyo kina nguvu. Mitambo ya kutafutia habari, kama ule wa Google ulioanza mwaka 1998, huupa uzito ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi. Mwaka 2004 watafiti wa Hispania walianza kuvipanga vyuo vikuu vya dunia wakihesabu pia viungo hivyo. Chuo kisichotajwa na jirani zake huzama, na elimu yake huzama nacho.

Tukumbuke kwamba mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kilivunjwa mwaka 1970. Mwaka 2017 wakuu wa nchi zetu walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo ni jema, lakini halitoshi pasipo vitendo.

Kwa hiyo tunavihimiza vyuo vyetu vitende. Kuweka kiungo hakuhitaji fedha za kigeni wala mfadhili. Kila utafiti wa pamoja uonekane katika tovuti za vyuo vyote vilivyoshiriki, na muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili, ili mzazi wa Korogwe aliyemtoa mwanawe naye ausome.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuulizwa njia ya kwa jirani, usiijue.