Kazi Ipimwe, Si Jina: Funzo Kutoka kwa Wanafalaki



Tarehe 23 Juni 2025 kituo cha Vera C. Rubin, kilichojengwa mlimani Cerro Pachón nchini Chile, kilitoa picha zake za kwanza. Kamera yake, iliyo kubwa kuliko zote zilizotengenezwa kwa ajili ya falaki, imekusudiwa kupiga picha sehemu kubwa ya anga la kusini kwa miaka 10. Anga hilo huonekana vema Kerenge usiku wa kiza. Habari hii yatuhusu hasa kwa sababu ya historia ya mama aliyepewa heshima ya jina la kituo hicho.

Mwanafalaki si mpiga ramli. Hatabiri ndoa wala utajiri. Hupima mwanga unaotoka mbali. Kanisa si geni katika kazi hiyo: Papa Leo XIII alikianzisha upya kituo cha falaki cha Vatikano mwaka 1891, na Wajesuiti wanakihudumia hadi leo. Siku hizi wanafalaki wachache hukesha kwenye darubini. Wengi huketi mbele ya kompyuta wakichambua takwimu na kuandika maombi ya muda wa darubini. Muda huo ni haba: kwa darubini ya James Webb, mwaka 2024 ziliombwa takriban saa tisa kwa kila saa moja iliyotolewa. Ajira nazo ni chache, na wasomi wengi huhama nchi hadi nchi kwa mikataba mifupi, huku familia zao zikilipa gharama.

Penye uhaba, upendeleo hupata pa kupenya. Vera Rubin, mama wa watoto wanne, aliruhusiwa rasmi kutumia darubini za Palomar, California, mwaka 1965 tu. Kabla yake wanawake walizuiwa, na kisingizio kilichotolewa ni kwamba hapakuwa na choo chao. Ndiye, pamoja na mwenzake Kent Ford, aliyeonyesha kuwa nyota za pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi isiyoelezeka kwa maada inayoonekana peke yake. Je, elimu hiyo ingechelewa kiasi gani kama mlango ungebaki umefungwa?

Mlango waweza pia kufungwa na mahali mtu alipozaliwa. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina lilikuwa la Kiswahili na pwani ilikuwa yetu, lakini takwimu zilisomwa Marekani.

Wanafalaki hawakuishia kusikitika. Kwa miaka mingi maombi ya kutumia darubini ya Hubble yaliyoongozwa na wanaume yalikubaliwa kwa kiwango cha juu kidogo kuliko ya wanawake. Tangu mwaka 2018 waamuzi husoma hoja bila kujua mwombaji ni nani. Tofauti hiyo ikapungua. Haikuhitajika kuwatukana waamuzi wa zamani. Ilitosha kuwaondolea kishawishi.

Tunaona hapa funzo kwa parokia zetu za Korogwe na Handeni. Kamati inapogawa msaada wa ada, je, hutazama kwanza daftari la mtoto au ukoo wake? Binti anayependa fizikia, je, hupewa nafasi ya kuendelea nayo, au huambiwa kuwa hayo ni ya wavulana? Mtume Petro alilazimika kujifunza nyumbani kwa Kornelio kwamba kwa Mungu hakuna upendeleo. Nasi tuwe tayari kujifunza.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja dogo. Maombi ya msaada wa masomo yasomwe yakiwa na namba badala ya majina, na hali ya uhitaji ithibitishwe na mtu asiyepiga kura. Halitagharimu hata shilingi moja. Huenda miongoni mwa namba hizo yumo mtoto wa Kerenge ambaye hakuna mwanakamati aliyewahi kusikia jina la baba yake.