Muhuri hausimamii zege

Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Taarifa za wakati ule zilisema kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Novemba 16, 2024 ikawa zamu ya Kariakoo: jengo la ghorofa nne lilianguka mchana kweupe juu ya wafanyabiashara na wateja wao, na waliokufa wakapita 25.

Baada ya misiba ya namna hii husikika utetezi kwamba wahandisi hawatoshi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, na nusu iliyofichwa ndiyo inayoua.

Sensa ya 2012 ililihesabia jiji la Dar es Salaam watu milioni 4.3, ya 2022 ikalikuta limepita milioni 5.3. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10, wote wakihitaji paa, mfereji na barabara. Wakati huohuo vyuo vinamwaga wahitimu wa uhandisi kila mwaka. Wengine wanauza vifaa vya simu, hapohapo Kariakoo.

Kwa nini? Kwa sababu cheti cha chuo hakimfanyi mtu mhandisi kamili. Anatakiwa kwanza afanye kazi kwa miaka mitatu hivi chini ya mwandamizi wake, ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi impe daraja la mhandisi mtaalamu. Tangu 2003 Bodi ina mpango wa kuwapatia vijana nafasi hizo, na ni mpango mzuri. Ila nafasi haitoki Bodi. Inatoka kwa mkandarasi, na mkandarasi wetu humwona mhitimu kuwa ni mdomo wa ziada wa kulisha.

Matokeo yake wenye sifa ni wachache, na baadhi yao wamegeuza uchache huo kuwa biashara. Mchoro unagongwa muhuri, malipo yanapokewa, site inaachiwa fundi. Hatumlaumu fundi; yeye anajenga alichoambiwa. Lakini nani alipima kokoto? Nani alihesabu nondo kabla ya jamvi kumwagwa? Vile vipande vya zege vinavyopaswa kuvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28, viko wapi?

Msimamo wetu hauna kona. Mhandisi anayekodisha muhuri afutwe kwenye daftari, kisha afikishwe mahakamani. Halmashauri inayotoa kibali cha ghorofa bila kuwa na mhandisi wa kwenda kukagua inyang'anywe mamlaka hayo mpaka itakapomwajiri. Na Serikali, ambayo ndiyo mteja mkubwa wa ujenzi nchini, isisaini mkataba wowote wa barabara, daraja au hospitali usiotaja idadi ya wahitimu watakaofunzwa humo na kulipwa. Fedha za kuwalipa zimo ndani ya mradi, tukitaka kuziona.

Nawe msomaji mwenye ghorofa inayopanda: kama hujawahi kumwona mhandisi wako site siku ya kumwaga zege, simamisha kazi leo.