Tunanunua antena, tunasahau bati

Najua nimepotea, mtanisamehe, kazi za watu hizi zinakula muda. Leo nimerudi na hoja moja ambayo wengine mtaona ni ya kizee. Vumilieni mpaka mwisho halafu mnipinge.

Juzi nilikuwa nawaonyesha wenzangu ofisini picha za tela la mjomba wangu, lile analolala porini wakati wa shughuli zake za nyuki kule Itigi, mkoani Singida. Nilidhani wataulizia mizinga au asali. Wapi! Wakaangalia paa. "Ule ufito wa nini pale juu?" Nikawaambia ni antena ya redio. Wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. "Kaka, zama hizi bado mnafunga antena?" Sikumjibu palepale. Namjibu hapa.

Kwanza mjue tela lenyewe. Ni chumba cha magurudumu mawili, vitanda viwili, meza ya kukunja, kuta na paa vyote vya aluminiamu. Zamani walikuwa wakilala mafundi wa barabara. Mjomba alipostaafu akalinunua mnadani, akalifunga nyuma ya Land Cruiser yake kuukuu, na tangu hapo msimu ukifika anaelekea vichakani, upande wa Aghondi. Aliyewahi kupita vichaka vya Itigi anajua habari yake. Miti mifupi imesongamana, ukiingia hatua ishirini huioni barabara. Simu pale ni saa na tochi. Ukitaka mtandao unapanda kichuguu, unanyoosha mkono juu, unaomba Mungu.

Kwa hiyo mjomba anategemea redio. Tatizo lake lilikuwa hili: akiiweka redio nje, juu ya ndoo, inaongea vizuri tu. Akiingia nayo ndani ya tela mvua inapoanza, inakuwa bubu. Mwaka 2023, mwezi wa kumi na moja, akanipigia akiwa Itigi mjini. "Mjomba, wewe si mtu wa habari? Njoo na antena." (Kwetu mjomba na mpwa wote tunaitana mjomba, msichanganyikiwe.)

Mtu wa habari nikaenda Kariakoo kama mbuzi aendaye machinjioni. Nikamkuta kijana mmoja dukani, maneno mengi. Akanitolea antena nyeusi, ndefu, inang'aa, chini ina sumaku, na ndani ina mashine ya kuongeza nguvu. "Hii kaka inakamata mpaka Ulaya." Nikatoa shilingi 85,000 bila kuuliza swali hata moja. Sikuuliza inakamata nini, itakaa wapi, wala itashikwa na nini. Niliangalia urefu na kung'aa, basi.

Nikapanda basi mpaka Singida, kesho yake nikaenda Itigi, mpaka porini. Nikapanda juu ya tela kwa mbwembwe, nikaibandika sumaku. Ikateleza. Nikaibandika tena, ikaanguka chini kabisa. Mjomba ananiangalia, amekunja mikono. "Mjomba, hiyo ni aluminiamu. Sumaku haishiki aluminiamu." Darasa la ngapi lile jamani? Nikaona aibu, nikatafuta kipande cha ubao, nikaifunga antena pale kwa waya, ubao nikaufunga kwenye paa. Tukawasha. Redio ikalia kama mzinga uliochokozwa, vvvvuuuu, na sauti ya mtangazaji mbali huko, kama yuko kisimani.

Kesho yake nikarudi Singida mjini na antena yangu kwapani, nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee karibu na sokoni. Nikamwamkia, nikaeleza, akaipokea, akaigeuzageuza, akanirudishia. Akaniuliza, "Kijana wangu, bati lake liko wapi?" Sikumwelewa. Akasema antena ya namna hii ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati iliyosimama juu yake.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kidogo, na mzee alikuwa sahihi kabisa. Ufito wa kusimama juu ya gari unafanya kazi pamoja na chuma kilicho chini yake. Wimbi linaposukuma umeme kwenye ufito, lazima kuwe na upande wa pili wa kusukumana nao, na upande huo ni paa. Gari la kawaida lina bati la chuma, sumaku inashika na mambo yanakwenda. Mimi nilichukua ufito nikausimamisha juu ya ubao, yaani nilimpa mtu mguu mmoja nikamwambia kimbia. Na lile tela lilikuwa na paa zima la aluminiamu, bati zuri kuliko hata la gari, linangoja tu kuguswa!

Paa hilohilo ndilo lililokuwa linaiziba redio ndani. Ukizungukwa na aluminiamu pande zote, mawimbi ya redio yanaishia kwenye ngozi ya nje. Kwa hiyo bati ni adui ukiwa ndani bila antena, na ni rafiki ukiisimamisha antena juu yake.

Habari ya urefu nayo ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua 300, gawanya kwa namba ya stesheni ya FM unayoitaka, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Stesheni ya 100 ina wimbi la mita 3. Robo yake ni sentimita 75, na huo ndio urefu wa ufito. FM yote inaanzia 87.5 mpaka 108, kwa hiyo sentimita 75 iko katikati na inatosha kwa zote. Ile ya kwangu ilikuwa ndefu kwa sababu ya macho ya mnunuzi. Na ile mashine ya kuongeza nguvu inaongeza kila inachokipata. Ukiipa makelele inakupa makelele makubwa zaidi.

Mzee akanikatia ufito wa chuma wa sentimita 75, akanipa boliti, mpira wa kuzuia maji na kebo. Vyote havikufika hata robo ya pesa niliyoacha Kariakoo. Tulivyofunga ni hivi, na mwenye tela, kontena au kibanda cha bati anaweza kuiga. Tulichagua katikati ya paa, mbali na kingo. Tukatoboa tundu moja. Tukakwangua rangi kuzunguka tundu mpaka aluminiamu ikang'aa, maana rangi inazuia umeme. Ule wavu wa nje wa kebo tukaubana kwenye aluminiamu, waya wa katikati tukaupeleka kwenye ufito, na hivyo viwili havigusani. Tukapaka grisi, tukaweka mpira, tukaziba na silikoni. Kabla kebo haijaingia ndani tukaiacha ining'inie kidogo kama tumbo la kamba, ili maji ya mvua yadondokee pale yasifuate kebo mpaka kitandani kwa mjomba.

Tukawasha. Mlio bado upo! Nikataka kulia. Mjomba akazima taa moja baada ya nyingine, akachomoa chaja ya simu, mwisho akachomoa kile kiboksi cha sola kinachopeleka chaji kwenye betri. Kimya. Sauti ya mtangazaji ikaingia safi kama yuko mezani anakunywa chai. Kumbe nyuki wote wale walikuwa ndani ya kiboksi cha bei rahisi. Tukakihamishia mbali na kebo, na wakati wa taarifa ya habari kinapumzishwa kabisa.

Kwa masafa mafupi, zile idhaa za mbali, ufito wa sentimita 75 si kitu. Huko mawimbi yana urefu wa mita 25, 31, 41. Tulichofanya ni kuvuta waya wa kawaida wa mita kama 8 kutoka dirishani mpaka kwenye mti, mwisho wake tukaufunga kwenye kipande cha ndala ili usiguse mti ukiloa, na mwanzo wake tukaubana kwenye antena ya redio yenyewe. Gharama yake ni kama bure. Ila mawingu yakianza kunguruma kila kitu kinachomolewa, maana Singida na radi si watu wa utani. Na kabla ya kuondoka ufito unafunguliwa, la sivyo tawi la kwanza linauchukua. Jambo lingine, hii yote ni ya kusikiliza. Ukitaka redio ya upepo, ya kuongea, hiyo inakwenda kwa leseni ya TCRA, usije ukasema nimekudanganya.

Sasa nije kwenye kicheko cha wenzangu.

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili. Wengi mnaikumbuka. Tope, mawe na miti viliporomoka kutoka mlima Hanang' vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Katesh iko Manyara, lakini kwa mtu wa Singida ni jirani wa mlango wa pili, ndiyo barabara ya kwenda Babati na Arusha. Kule porini hatukujua lolote. Simu zetu zilikuwa saa na tochi kama kawaida.

Jioni mjomba akawasha redio, tukasikia. Mmoja wa vijana wanaomsaidia kutundika mizinga ni wa huko, mama yake anaishi huko. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tela anamenya viazi. Nilimwona akisimama na kisu mkononi, hakukiweka chini mpaka taarifa ikaisha. Usiku ule hatukuzima redio. Kila saa anasogea mlangoni, anasikiliza majina ya vijiji, anarudi kukaa. Alfajiri mjomba akampakia kwenye Land Cruiser mpaka Itigi, akampa nauli. Kwa kuwa alishasikia redioni kwamba barabara ya pale Katesh imezibwa na tope, alijua tangu mwanzo kwamba mbele atatembea kwa miguu, akabeba viatu vya mvua. Mama yake alimkuta mzima, amejihifadhi kwa ndugu. Majirani wawili walikuwa wamekwenda.

Je, bila ule ufito angejua lini? Siku tunayorudi Itigi kununua unga. Siku nne, labda tano. Nani anataka kuzikiwa majirani zake, au mama yake, akiwa anatundika mizinga?

Mtaniambia intaneti inakuja kila mahali. Ije, naisubiri kwa hamu, mimi ndiyo inayonilisha. Lakini intaneti inataka mnara karibu, chaji na bando. Redio inataka betri mbili na antena iliyofungwa kwa akili. Nchi hii mwaka 1973 iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa redio na vikundi vya usikilizaji, watu wazima kama milioni 2 wakashiriki, wakachimba vyoo kwa sababu ya sauti iliyotoka kwenye kiboksi. Halafu sisi wasomi wa mjini tunaona redio ni kitu cha kuchekesha kwenye picha.

Simaanishi redio haina matatizo yake. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamazishwa ghafla kwa uamuzi wa Washington, na msikilizaji wa Kiswahili hakuulizwa chochote. Hilo nalo ni funzo. Ukitegemea sauti ya mbali peke yake, anayeishika swichi ni mwingine. Ndiyo maana mjomba ana vyote viwili, waya kwa ajili ya dunia na ufito kwa ajili ya stesheni za hapa karibu zinazotaja majina ya vijiji vyetu.

Msimamo wangu ni huu. Kampuni za barabara, watafiti, kliniki zinazotembea, wote wanaolaza watu porini ndani ya matela ya bati, wahesabu antena ya redio pamoja na sanduku la huduma ya kwanza. Na wanaopeleka matangazo ya tahadhari kwa ujumbe wa simu wasidhani kazi imeisha, kuna watu wako chini ya kichuguu.

Na sisi tunaonunua vitu tujifunze kwa yule mzee wa sokoni. Shule inajengewa maabara inayong'aa, mwalimu wa fizikia hakuna. Ofisi inanunuliwa kompyuta, umeme wa kuaminika hakuna. Tunapenda kinachoonekana kwa mbali. Kile cha chini, kilichopakwa grisi na kufunikwa mpira, hakipigwi picha na hakuna mgeni rasmi anayekuja kukizindua.

Ile antena ya 85,000 bado iko kwa mjomba. Anaitumia kutundikia taulo. Kila nikienda ananiuliza kwa upole, "Mjomba, Ulaya hawajambo?"

Naomba kutoa hoja.